Gari linavuta kushoto hata baada ya alaimenti tatu

Swali la msomaji: "Shikamoo fundi. Nina Toyota IST ya mwaka 2005. Nakaa Dodoma na kila mwisho wa mwezi nakwenda Morogoro. Tangu mwezi wa tatu gari yangu inavuta kushoto nikifika spidi 60 kwenda juu, nikilegeza usukani kidogo tu inaelekea pembeni. Wiki hiyo nilikuwa nimeweka matairi mawili mapya mbele, na siku chache baadaye niliingia kwenye shimo upande wa kushoto. Nimefanya alaimenti mara tatu, gereji mbili tofauti, haijapona, na sasa usukani wenyewe umekaa upande wakati mwanzo haukuwa hivyo. Nikikanyaga breki haizidi wala haipungui. Fundi wa mwisho ameniambia ninunue raki ya stelingi. Nimsikilize? Naogopa kusafiri na watoto."

Marahaba, mama. Raki, yaani mtambo unaogeuza magurudumu ukizungusha usukani, usinunue bado. Nimelisoma swali lako mara mbili, na ndani yake umeshaandika karibu kila kitu ambacho fundi alipaswa kukuuliza kabla hajashika spana: matairi mapya, shimo, breki isiyobadilisha kitu, na usukani uliopinda baada ya alaimenti. Ukiyapanga hayo manne, raki inakuwa mtuhumiwa wa mwisho.

Lakini umetaja watoto, kwa hiyo tuanze na jambo la leo hii. Chukua tochi ukamulike tairi la mbele kushoto, ubavu wa nje na ubavu wa ndani. Kwa ndani itabidi uzungushe usukani mpaka mwisho ili uone. Unatafuta uvimbe, nundu kama ya jipu. Shimo linaweza kukata nyuzi zilizo ndani ya ubavu wa tairi bila kutoboa mpira, kisha upepo unausukuma mpira utoke nje pale nyuzi zilipokatika. Tairi la namna hiyo halizibwi wala halifanyiwi chochote, linatolewa siku hiyohiyo, kwa sababu linaweza kupasuka ukiwa kwenye mwendo. Pitisha macho na kwenye ukingo wa rimu kama umekunjika. Ukikuta uvimbe, safari ya Morogoro isubiri tairi jingine.

Ukikuta hakuna, tuendelee kwa utulivu.

Kuna mambo mawili ambayo watu wengi, mafundi wakiwemo, huyachanganya. Gari linalovuta ni lile ambalo ukilegeza mikono linaacha mstari wake. Usukani uliokaa upande ni jambo jingine: gari linakwenda vizuri moja kwa moja, ila nembo ya katikati ya usukani imelala. Gari lako lilianza na la kwanza. La pili limeletwa gereji. Nitafika huko, kwa sababu ndiko fedha zako zilikopotelea.

Kwanza tuiondoe barabara. Sisi tunaendesha kushoto, na barabara hujengwa na mgongo katikati ili maji ya mvua yatiririkie pembeni. Mwinamo huo kwa kawaida ni kama sentimita 2.5 kwa kila mita 1 ya upana. Gari lolote, hata lililotoka kiwandani jana, litasogea kushoto polepole ukiliachia. Ukivuka daraja la Rusumo kuingia Rwanda, ambako wanaendesha kulia, gari hilohilo litaanza kusogea kulia. Ongeza na mifereji inayochimbwa na malori kwenye lami, hasa kwenye milima wanakopanda taratibu wakiwa wamejaza mzigo. Tairi likiingia humo linafuata mfereji, si usukani. Kwa hiyo si kila kuvuta kushoto ni ugonjwa.

Watu hushauriwa waende na kurudi barabara ileile ili kulinganisha. Hiyo inasaidia kuuondoa upepo. Ukipita Singida siku yenye upepo mkali wa ubavuni, kwenda utasukumwa huku na kurudi utasukumwa kule. Mwinamo wa barabara hauondoki kwa njia hiyo, maana ukienda uko kushoto na ukirudi uko kushoto vilevile. Tafuta uwanja mpana wa lami au zege ulio sawa na usio na watu, hata kama huwezi kufika spidi kubwa. Kwenye barabara ya kawaida kipimo changu ni hiki: kwa spidi 60, mikono ikiwa imelegea lakini iko tayari kushika, gari zima huchukua sekunde 5 au zaidi kuacha njia yake. Hizo ni zaidi ya mita 80. Likiondoka ndani ya sekunde 2 au 3, lina tatizo. Maelezo yako yananiambia la kwako linaondoka upesi, na zaidi ya hapo lilianza ghafla. Mgongo wa barabara ya Dodoma haukubadilika mwezi wa tatu.

Sasa sikiliza gari katika hali tatu: likiwa kwenye mwendo wa kawaida, ukikanyaga mafuta kwa nguvu, na ukikanyaga breki. Likivuta unapokanyaga mafuta tu na kutulia unapoachia, angalia mauntingi (vishikio vya injini), drafshafti (mhimili unaopeleka nguvu kwenye gurudumu), na tofauti ya ukubwa kati ya matairi mawili ya mbele. Likivuta kwenye breki tu, tatizo ni breki au bushi (mpira wa kwenye maungio ya vyuma vya chini) iliyochanika. Likivuta wakati wote, kama lako, mara nyingi ni matairi, au breki inayoshika bila kukanyagwa, au kitu cha chini kilichopinda. Unaweza kuhakikisha kwa kuweka nyutro sekunde chache kwenye kipande kilichonyooka na kitupu. Kuvuta kukiendelea vilevile, injini haihusiki. Ila usizime injini gari likiwa linatembea hata kwa nukta moja. Usukani unakuwa mzito, na ukizungusha ufunguo kupita kiasi unaweza kujifunga.

Upepo wa matairi. Huenda umeshapima, lakini pima tena kwa geji yako mwenyewe, asubuhi, gari halijatembea. Geji za vituo vya mafuta hutofautiana, na mpimaji mwenye haraka anaweza kuacha tairi moja na 26 na jingine na 33. Gari hukimbilia upande wenye upepo kidogo, kwa sababu tairi lililolegea ni zito kuviringika. Kiasi sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kama kimebanduka, 32 au 33 kwa matairi yote ya gari la ukubwa huu ni mahali salama pa kuanzia. Mbele kushoto na mbele kulia zilingane kabisa.

Tunafika mahali ambapo mimi naweka shaka yangu ya kwanza: matairi yale mawili mapya.

Mtu akinunua tairi jipya haliwazii baya. Ameliona linang'aa, meno marefu, lebo bado imebandikwa. Lakini ndani ya tairi kuna mikanda ya nyuzi za chuma iliyofungwa kuzunguka. Mkanda ukikaa milimita chache nje ya katikati wakati wa kutengenezwa, upande mmoja wa tairi unakuwa mgumu na mpana kuliko mwingine. Kwa macho huoni kitu. Chukua kikombe cha plastiki cha kunywea maji, chenye kitako chembamba kuliko mdomo, kilaze sakafuni ukisukume. Hakitaenda moja kwa moja, kitazunguka kuelekea kwenye kitako. Tairi lenye kasoro hiyo linafanya hivyohivyo, kwa kiasi kidogo, kila mzunguko, kilomita zote za kwenda Morogoro. Mashine ya alaimenti haiwezi kuliona, kwa sababu mashine inapima pembe za gurudumu, haipimi kilichomo ndani ya mpira. Kubalansi nako hakusaidii. Balansi inaondoa mtikisiko, haiondoi kuvuta.

Kipimo chake ni cha bure. Toa tairi la mbele kushoto uliweke mbele kulia, la kulia ulilete kushoto, halafu pita barabara ileile kwa spidi ileile. Gari likianza kuvuta kulia, umempata mkosaji na hakuna haja ya kununua chuma chochote. Likiendelea kuvuta kushoto kama mwanzo, matairi ya mbele hayana hatia. Likitulia kabisa, yaache yalivyo.

Tazama kwanza ubavuni kama kuna mshale wa kuonyesha upande wa kuzunguka. Matairi yenye mshale hayahamishwi kushoto na kulia, maana meno yake yatakuwa yanazunguka kinyume na hayatasukuma maji vizuri mvua ikinyesha. Kwa hayo, hamisha la mbele kushoto lirudi nyuma kushoto, na la nyuma lije mbele. Likipona, basi lile lililokwenda nyuma ndilo lililokuwa linavuta. Nyuma athari yake ni ndogo sana, linaweza kukaa huko mpaka liishe, ingawa ukiwa na risiti mimi ningelirudisha dukani nikiwa na majibu ya kipimo mkononi.

Mambo mawili wakati wa kubadilishana. Gari liwe mahali tambarare, jiwe kwenye magurudumu yasiyoinuliwa, na asiingie mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Na nati zikazwe kwa kuvukana, moja kisha inayotazamana nayo, halafu zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hivi.

Ukiwa hapo soma umri wa matairi. Baada ya herufi DOT, mwisho wa mstari, kuna tarakimu 4. Ukiona 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tofauti ya miaka 5 kati ya kushoto na kulia inatosha kuleta kuvuta, hata kama meno yanalingana, kwa sababu mpira wa zamani umekauka. Vilevile kampuni mbili tofauti kwenye mhimili mmoja. Hayo ya mtumba yanayouzwa moja moja ndiyo huleta mchanganyiko huu zaidi.

Breki. Kwako nina shaka ndogo nayo kwa kuwa umesema kukanyaga hakuongezi wala hakupunguzi, lakini usiiruke. Tembea kama kilomita 10 kwenye barabara iliyo wazi ukitumia breki kidogo iwezekanavyo, kisha liache gari lipunguze lenyewe mpaka lisimame. Sogeza mgongo wa kiganja karibu na kila rimu, bila kugusa. Zote ziwe na joto linalofanana, mbele kwa mbele na nyuma kwa nyuma. Kama ya mbele kushoto inakutemea joto kama jiko la mkaa na ya kulia imepoa, breki ya kushoto inashika hata usipokanyaga. Dalili nyingine ni harufu ya kuungua, vumbi jeusi jingi kwenye rimu moja, na mafuta kuisha upesi kuliko kawaida.

Hapa niwaeleze na wasomaji wengine, kwa sababu kosa la sehemu hii nimewahi kulifanya mwenyewe na mteja akalipa mara mbili. Gari lilikuja linavuta kulia, rimu ya kulia inawaka moto. Nikaona kalipa, kile kifaa kinachobana pedi za breki, imeganda, nikaibadilisha. Baada ya wiki mbili likarudi vilevile. Kilichokuwa kibovu ni mpira wa breki, ule unaounganisha bomba la chuma na kalipa. Kwa nje ulikuwa mzima kabisa. Kwa ndani tabaka lilikuwa limebanduka na kuwa kama ulimi: ukikanyaga, mafuta yanapita kwa nguvu, ukiachia, ulimi unaziba na mafuta hayarudi. Tangu siku hiyo silaumu kalipa kabla ya kufanya hivi: gurudumu liko juu, mtu anakanyaga breki kisha anaachia, nalizungusha kwa mkono. Likiwa limeshika, nafungua kidogo nipo ya kutolea upepo kwenye kalipa. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia, shinikizo lilikuwa limenaswa, na naanza na mpira. Mafuta yakitoka bila nguvu na gurudumu likabaki limeshika, ni pistoni au pini za kalipa zilizoota kutu. Dakika kumi za kupima, na mteja analipia kitu kimoja.

Na kwa anayevutwa wakati wa kukanyaga breki: gari huenda upande wenye breki nzuri. Likikimbilia kushoto, chunguza kwanza kulia, pengine huko ndiko breki haishiki.

Sasa shimo. Kama matairi yatatoka bila hatia na rimu zote zikawa na joto sawa, nahamia hapa. Na upande unalingana: shimo kushoto, kuvuta kushoto.

Angalia baiskeli. Uma wa gurudumu la mbele haukusimama wima, umelala kurudi nyuma kuelekea kwa mwendeshaji. Mlalo huo ndio unaomwezesha kijana kuachia mikono akiwa kwenye mwendo na baiskeli ikanyooka. Gari nalo lina mlalo wa namna hiyo kwenye kila gurudumu la mbele, mafundi huuita kasta, na gari huvutwa kuelekea upande wenye kasta ndogo. Gurudumu la kushoto likipiga ukingo wa shimo kwa nguvu, mkono wa chini unaolishika unaweza kupinda, au bushi yake ya nyuma kuchanika, na gurudumu likasogea nyuma kidogo. Likisogea nyuma, kasta ya upande huo inapungua, na gari linavuta kushoto. Hii ndiyo shaka yangu ya pili kwako, na ni nzito.

Pembe nyingine ni kemba, yaani gurudumu kulala ndani au nje ukilitazama kutoka mbele ya gari. Gari huvutwa kuelekea upande ambao gurudumu limelala nje zaidi kwa juu. Shokapu iliyopinda, springi iliyokatika, au fremu ya chini iliyosogea baada ya ajali huleta tofauti hiyo.

Haya mawili unaweza kuyapima kwa vifaa vya fundi mwashi kabla hujalipia mashine. Simamisha gari kwenye sakafu iliyo sawa, usukani ukiwa umeelekeza magurudumu mbele. Teremsha timazi kutoka katikati ya kila gurudumu, weka alama ya chaki sakafuni, kisha pima kwa tepu kutoka alama ya mbele hadi ya nyuma, kushoto na kulia. Kwenye gari lako pande hizo mbili zinatakiwa zilingane. Yapo magari machache yaliyotengenezwa tofauti makusudi, kama Renault 4 ya zamani ambayo upande mmoja ni mrefu kuliko mwingine, lakini IST si mojawapo. Tofauti ikizidi sentimita 1, kuna kitu kimesogea. Kwa kemba, ning'iniza timazi karibu na gurudumu ulinganishe nafasi iliyopo kati ya uzi na ukingo wa rimu, juu na chini. Kwenye rimu ya inchi 15, tofauti ya milimita 3 hadi 4 ni karibu nusu nyuzi. Pima kushoto, pima kulia, linganisha.

Halafu gari lipandishwe, fundi achukue nondo ausukume mkono wa chini akiangalia bushi, atikise gurudumu kwa kulishika juu na chini, kisha kushoto na kulia. Mchezo wa juu na chini unaonyesha boljointi (kiungo cha mviringo kati ya mkono wa chini na gurudumu) au beringi. Wa kushoto na kulia mara nyingi ni tairodi, fimbo inayounganisha raki na gurudumu. Boljointi iliyolegea sana ni ya kubadilisha kabla ya safari, bila mjadala, kwa kuwa ikichomoka gurudumu linalala. Jambo jingine la kutazama ni makovu ya zamani: rangi iliyopasuka kwenye fremu, boliti zilizowahi kusogezwa, chuma kilichonyooshwa kwa nyundo. Magari yetu mengi yamekuja yakiwa yameshatumika, na historia yake huipati kwenye karatasi. Lakini kwa kuwa lako lilikuwa zima mpaka mwezi wa tatu, mimi ningetafuta jeraha jipya kwanza.

Sasa nirudi kwenye alaimenti tatu.

Kwenye gari kama lako, lenye shokapu za mtindo wa MacPherson mbele (shokapu yenyewe ndiyo inayoshika gurudumu kwa juu) na mhimili wa kipande kimoja nyuma, kiwandani wameacha kitu kimoja tu cha kurekebisha kwa urahisi, nacho ni tairodi. Kuzungusha tairodi kunabadilisha pembe moja: magurudumu ya mbele kuelekeana au kuachana kwa mbele, kama nyayo za mtu anayetembea akipindisha vidole ndani au nje. Kasta haina boliti ya kurekebishia. Kemba inaweza kusogezwa kidogo sana kwenye boliti mbili za chini ya shokapu. Nyuma hakuna cha kugusa.

Na hiyo pembe ya tairodi, ikikosewa mbele, kwa kawaida haileti kuvuta. Magurudumu mawili ya mbele yameunganishwa na raki moja, kwa hiyo yakiwa kwenye mwendo yanagawana kosa nusu kwa nusu na gari linaendelea kwenda mbele. Kinachoharibika ni matairi: pitisha kiganja juu ya meno kwenda ndani, kisha kwenda nje, utahisi upande mmoja laini na upande mwingine kama msumeno. Na kinachopinda ni usukani. Hivyo basi fundi aliyeona gari linavuta kushoto, akazungusha tairodi ili "alirudishe kulia", hakuondoa kuvuta. Ameuhamisha usukani. Wa pili akafanya hivyohivyo juu ya kazi ya wa kwanza. Ndiyo maana leo una shida mbili badala ya moja. Alaimenti ni kazi nzuri na ya lazima, lakini nafasi yake ni mwishoni, baada ya matairi, breki na vyuma kuthibitishwa. Ikifanywa kwanza inapima gari bovu na kulipanga lifuate ubovu wake.

Utakapoifanya, omba karatasi ya vipimo, ya kabla na ya baada. Tafuta mistari ya kemba na kasta, ulinganishe kushoto na kulia. Tofauti ikizidi nusu nyuzi, usikubali kuambiwa "imekaa sawa" kwa sababu tu mstari wa tairodi uko kijani. Kama karatasi haina kasta kabisa, hawakuipima. Kuipima kunahitaji fundi azungushe usukani kushoto na kulia magurudumu yakiwa juu ya sahani zinazozunguka, na wenye haraka huiruka hatua hiyo. Kisha usukani ufungwe ukiwa umenyooka kabisa, na tairodi zote mbili zirekebishwe, si ya upande mmoja.

Kuhusu raki aliyokutajia. Raki iliyochoka hulegea, gari huyumba huku na huku, usukani una mchezo, pengine unasikia mgongano kwenye mashimo au unaona mafuta yanavuja. Kuvuta upande mmoja kwa ukaidi si tabia yake ya kawaida. Zipo hali chache stelingi yenyewe inaposukuma. Kwenye stelingi ya mafuta, vali ya ndani ikiharibika inapeleka shinikizo upande mmoja. Inua magurudumu yote mawili ya mbele, washa injini, uachie usukani. Ukizunguka wenyewe, hapo ndipo raki inaingia kwenye mazungumzo. Kwenye stelingi ya umeme, kihisi kinaweza kupoteza alama ya katikati baada ya kazi fulani kufanyika, na dawa yake ni kukifundisha upya kwa mashine ya kusomea gari. Fungua boneti: usipoona chupa ya mafuta ya stelingi, yako ni ya umeme. Muulize fundi wako alifanya kipimo gani kati ya hivyo. Kama hakufanya, anakisia, na raki ya mtumba iliyokisiwa inaweza kukuletea ulegevu ambao leo huna.

Ukaguzi wa boljointi na bushi ufanyike hata kama tairi litakutwa na hatia, kwa sababu shimo ulilipiga kweli. Matairi yabadilishane Jumamosi hii, ni kazi ya nusu saa. Ukishapita barabara ileile, niandikie gari limeelekea wapi.